Matundu Niliyoyaziba kwa Mkono Wangu

Ninyi vijana mnaoshika mwiko wa kujengea leo, nawaambia mapema: wiki iliyopita nilivunja ukuta usio wangu, na sijaomba msamaha.

Nilikuwa napita kando ya nyumba mpya ya kulala wanafunzi, si mbali na Lushebere. Masoni, yaani mwashi wa nyumba ile, kijana mwenye adabu, aliniita nione kazi yake. Kweli ilikuwa nzuri kwa macho. Chini ya paa, kila upande, alipanga matofali yenye matundu, yale tunayoita klostra, kwa mtindo wa maua, akayapaka rangi nyeupe. Nilipanda jukwaa lake kwa shida nikaweka kiganja kwenye tundu moja. Hakuna hewa. Nikashuka, nikaingia ndani. Ukuta ulikuwa laini, lipu kutoka pembe hadi pembe. Nje matundu, ndani hakuna kitu.

Nikamwuliza, "Hii tundu inaenda kufika wapi?"

"Papa, hii iko ya kupendezesha tu. Ndani tulifunga juu ya kuzuia baridi na bapanya."

"Na batoto watalala wangapi humu?"

"Makumi ine, Papa."

Watoto arobaini. Niliomba nyundo yake. Alinipa, akidhani nataka kumwonyesha ufundi. Nikavunja lipu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akanishika mkono. Sasa wananisema kwamba Papa Munguiko amezeeka vibaya. Waseme. Mimi nina sababu yangu, na ninaiandika hapa ili msije mkasema hamkuambiwa.

Nimejenga zaidi ya miaka thelathini, huku Masisi juu penye ng'ombe na ukungu, na kule Walikale chini penye msitu na joto la kulowesha shati asubuhi. Shule, zahanati, makanisa, na hasa enterna, nyumba za wanafunzi wanaokaa shuleni. Magoti yamekataa kupanda ngazi, nikaacha. Kazi ile nilifundishwa na Mzee Bakungu, mwanamume mfupi kutoka Kibabi ambaye hakuamini ukuta wowote mpaka autie moshi. Mkimaliza nyumba, mabati yamekaa, milango imekaa, ninyi mnafikiri mmemaliza. Yeye alikuwa anatafuta majani mabichi ya mkaratusi, anayaweka juu ya makaa katikati ya chumba, anafunga mlango, anakaa humo humo kwenye kiti kutazama moshi unaenda wapi. Moshi ukitoka upesi, anatoka akiimba. Ukizunguka na kushuka tena, anatoka akikohoa, na hapo jueni kesho mnabomoa.

Alinifundisha hivi. Tundu moja halifanyi kazi, hata liwe kubwa kama dirisha. Toa tundu la chini upande upepo unakotokea, na la juu, karibu na paa, upande wa pili. Hewa iliyopata joto inapanda, inatoka juu, na ile mpya inavutwa chini. Huku Masisi weka matundu madogo lakini mengi, na yale ya chini yasielekee vichwa vya vitanda, maana mtoto akipigwa na baridi kichwani ataziba kwa nguo, na nguo hiyo hutaiona. Ndani ya tofali, lalisha tundu liangalie chini kwa nje ili mvua isiingie. Weka wavu, popo wasifanye makao. Kule Walikale fungua zaidi, refusha paa, acha nafasi kwenye kilele na uifunike kwa kofia ya bati. Mambo yenyewe ni hayo. Mtoto wa shule anayaelewa kabla ya chakula cha mchana.

Na mimi niliyaelewa, lakini nilikosea hata hivyo. Katika enterna moja ya wavulana upande wa Walikale, Mzee Bakungu aliniachia nijenge mwenyewe bomba la moshi la jikoni. Nililijenga likanyooka, nikaliishia chini kidogo ya kilele cha paa, kwa sababu niliona hivyo linapendeza. Siku ya kuwasha moto mara ya kwanza padri alikuja kubariki jiko. Upepo uligonga paa, ukashuka, ukaingia kwenye bomba na kurudisha moshi wote ndani. Padri alibariki amefumba macho, wala si kwa sababu ya sala. Alipotoka, kanzu yake ilikuwa na rangi ya sufuria. Mzee Bakungu alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha mlango wa jiko, ambako wamama wawili walikuwa bado wanasonga chakula cha watoto mia na zaidi.

"Ingia," akaniambia.

"Nifanye nini humo, Mzee?"

"Usifanye kintu. Simama. Utatoka wakati bugali itaiva."

Nilisimama humo machozi na makamasi yananitoka, wale wamama wakinitazama na kuendelea kusonga. Bugali ilipoiva nilitoka, nikapanda juu ya paa siku ile ile, nikarefusha bomba mpaka likapita kilele kwa urefu wa mkono. Tangu hapo sikukosea tena kwa kutojua. Kosa ninalowasimulia sasa nililifanya nikijua.

Mzee Bakungu alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa fundi wa kudumu wa shule moja ya milimani, jina lake siliandiki, yenye enterna ya wasichana tuliyoijenga pamoja naye: matundu ya chini, matundu ya juu, moshi umepimwa, nyumba safi. Akaja prefe mpya, yaani mkuu wa shule. Alikuwa mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata kwenye matope ya Masisi, sijui alikuwa anafanyaje. Wageni waliosaidia shule walikuwa wanakuja kutembelea, naye akataka plafon, dari ya mbao nyembamba, ili mabati na miti ya paa visionekane. Dari ilipigwa chini ya matundu ya juu. Fahamuni hapo: matundu yalibaki, lakini yalikuwa yanapitisha hewa ya panya juu ya dari, wasichana wako chini.

Nilimwambia. Nilimwambia mara moja.

"Bwana Prefe, hewa ya hawa batoto itatokea wapi?"

"Si kuko matundu ya chini?"

Wiki mbili baadaye wasichana wakalalamika baridi, akaniita tena. "Papa Munguiko, sasa ile ya chini pia ufunge. Batoto banagonjwa mafua, na ile matundu inaonekana mubaya mbele ya bageni."

Nilikuwa na kichwa cha kukataa na mdomo wa kukataa. Lakini alikuwa anazungumza juu ya jengo jipya la madarasa, kwamba anatafuta fundi, na kwamba kuna mafundi wa Goma wanaoelewa mambo ya kisasa. Nikakoroga sementi. Nikaziba matundu kumi na mawili, moja baada ya jingine, nikasawazisha kwa mwiko kama nilivyofundishwa, huwezi kujua palikuwa na tundu. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaenda.

Mpishi wa shule ile alikuwa Mama Sifa. Alikuwa mjane, amekimbia vita kutoka Kalembe na mtungi mmoja tu; binti yake mmoja alikuwa ameolewa mbali. Shule ilimpa chumba cha mbao nyuma ya jiko. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akirudisha sahani chafu, anamwamuru aioshe mbele yake. Alikuwa akinihifadhia ukoko wa maharagi kwa sababu mtu mmoja tu shuleni, mimi, alikuwa anaupenda.

Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, mvua tangu misa, ukungu umeshuka mpaka madirishani. Kesho yake ilikuwa siku ya kukaguliwa iniforme, sare za shule. Nguo zilikuwa hazikauki. Wasichana sita wa darasa la tano walimwomba Mama Sifa mbabula yake, lile jiko dogo la makaa, wapige pasi na kukausha nguo. Aliwapa, akawaambia wakae nayo barazani. Baraza lilikuwa linapigwa na mvua. Wakaiingiza ndani, wenzao wakiwa darasani kujisomea, wakafunga mlango, wakafunga dirisha, wakatandaza mashati kwenye kamba kuzunguka joto. Mtoto gani asingefanya hivyo? Siwakasirikii wao.

Lakini sikilizeni vizuri jambo hili, kwa sababu hata watu wenye diplome hawalijui. Moshi ni mshenzi lakini ni mkweli. Unakuchoma macho, unakufukuza. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi, hayo ndiyo ya kuogopa. Pumzi yake haina harufu. Kichwa kinakuuma kidogo, unasikia uvivu, unasema nilale hapa kidogo. Basi.

Karibu na saa kumi Mama Sifa alitaka mbabula yake ili apike cha jioni. Aligonga, hakuna jibu. Alisukuma mlango kwa bega. Aliwakuta wamelala ovyo, mmoja juu ya nguo, mwingine nusu kitandani, na Neema, msichana aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu katika shule nzima, ameanguka karibu kabisa na jiko, pasi mkononi. Mama Sifa aliwavuta nje mmoja mmoja kwa makwapa, kwenye mvua, akipiga kelele. Alivuta sita peke yake. Mwanamke wa umri ule.

Nilikuwa wa tatu kufika. Nilipoingia ndani kuangalia kama kuna aliyebaki, niliinua macho nikaona dari. Nikatazama chini ya ukuta nikaona sementi yangu. Kichwa kikaanza kunigonga hapo hapo. Sikuhitaji daktari. Nilijua.

Prefe aliingia nyuma yangu, akatazama nilipokuwa natazama. Alinishika kiwiko.

"Papa Munguiko, hii maneno ya matundu, tusiiseme kwanza. Tuache enfirmie afanye kazi yake."

"Bwana Prefe, unaona vile imekuwa."

"Ninaona. Na nani alifunga? Mukono yangu ama yako?"

Nikanyamaza. Andikeni hivyo, Papa Munguiko alinyamaza.

Wasichana walibebwa kwenye zahanati, kwa enfirmie, muuguzi wetu. Watano waliamka kabla ya giza, wakitapika, hawakumbuki kitu. Neema aliamka kesho yake. Na kwa kuwa walitapika, neno likapatikana upesi: sumu. Huku kwetu mtu akitapika na hajulikani amekula nini, wanasema karuho, sumu ya kutegewa. Nani alipika? Mama Sifa. Nani alikutwa nao? Mama Sifa. Ametoka wapi? Upande wa msitu, na wa msituni wanajua miti. Ndivyo akili za watu zilivyokwenda, hatua baada ya hatua, na kila hatua ilionekana kwao imenyooka. Mtu aliyewatoa kwenye kifo ndiye akafanywa mwuaji kwa sababu alifika wa kwanza.

Enfirmie alijaribu. Alisimama mbele ya zahanati akawaambia wazazi, "Bavulana balikula maharagi ile ile, mu sufuria ile ile. Mbona bao hawagonjwe?"

Baba mmoja akamjibu, "Karuho inamufuata yule ilitumiwa."

Jumatatu, siku ya kwanza ya juma, walimfukuza Mama Sifa jikoni. Siku ya pili vijana wakaenda na mashoka kwenye chumba chake cha mbao, wakakipasua, mtungi wake wakauvunja, nguo wakazitupa kwenye matope. Enfirmie alikuwa amemficha ndani ya ghala la dawa na kufunga kwa ufunguo, na nje kulikuwa na watu wenye mawe. Prefe? Prefe alikuwa ofisini anaandika ripoti. Katika ripoti aliandika "chakula kinachotiliwa shaka." Mtu anayevaa tai. Alijua kama mimi nilivyojua, akakaa akaandika kwa mwandiko mzuri.

Mimi nilikuwa nyumbani. Sikula. Mke wangu alidhani ni malaria, akanipikia majani. Siku ya tatu asubuhi nilipita mahali palipokuwa chumba cha Mama Sifa, nikaona mbao zile zimepasuliwa kuni, mtu anazipanga vizuri abebe. Ni mbao nilizozipiga randa mwenyewe. Sijui kwa nini jambo hilo ndilo lilinisukuma, wala si lile la watu na mawe. Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo na tindo.

Shefu wa lokalite, mkuu wa kijiji, alikuwa ameitisha mkutano katika darasa la sita. Wazazi walijaa mpaka madirishani. Prefe alikuwa mbele, kando ya shefu. Niliomba kusema.

"Shefu, muje wote kwa enterna ya babinti. Nitawaonyesha sumu."

Walinifuata haraka, wakidhani nimepata mfuko wa miti ya sumu. Niliweka mbabula katikati ya chumba, nikawasha makaa, nikaweka majani mabichi ya mkaratusi, nikafunga mlango na dirisha. Shefu na wazazi watano nilibaki nao ndani. Moshi ulipanda, ukagonga dari, ukatandaa, ukaanza kushuka. Ulishuka mpaka kwenye vipaji vya nyuso, mpaka kwenye videvu. Walianza kukohoa.

"Mufungue," shefu akasema.

"Bado, Shefu. Angalia kwanza inatafuta wapi pa kutokea. Unaona pahali?"

"Hakuna pahali."

Nilipiga magoti, nikaweka tindo penye sementi yangu, nikafungua matundu matatu ya chini. Kisha nikapanda kitanda cha juu, nikatoboa dari kwa nyundo, kipande baada ya kipande, mpaka kukawa na shimo upana wa meza, na mwanga wa matundu ya juu ukaonekana. Moshi uligeuka. Wote waliuona ukigeuka. Ulivutwa kama mtu amevuta kamba, ukapita shimoni, na hewa baridi ikatuingia miguuni.

"Sasa," nikawaambia, "makaa iko na pumuzi ingine yenye haionekane. Inafuata njia ile ile. Ikikosa njia, inabaki mu batoto. Mama Sifa hakuweka kintu. Hii nyumba ilikuwa na matundu makumi mbili na ine. Kumi na mbili, plafon iliyaficha. Kumi na mbili ingine, ni mimi niliyafunga, na hii mukono."

Baba yule wa karuho alinitazama. "Nani alikutuma?"

Nilimtaja prefe mbele yake. Prefe akasema mimi ni mzee niliyechanganyikiwa, na kwamba fundi ndiye anayejua kazi yake. Kwa hilo la mwisho alisema kweli, na ndilo linanichoma zaidi hadi leo.

Hawakunipiga, ingawa nilikuwa tayari. Waliondoka wawili wawili. Mawe waliyaacha njiani, mbele ya zahanati, na hakuna aliyeingia kumwambia yule mama neno. Prefe alihamishwa baadaye kwenda shule nyingine, kubwa zaidi. Plafon ilitolewa. Wasichana watano walirudi darasani. Neema pia alirudi, lakini kalamu ilikuwa inamtetemeka, na akianza kuzidisha anafika katikati anasahau alianzia wapi. Nilimkuta siku moja barazani na daftari. Alikuwa ameandika hesabu moja ile ile ukurasa mzima. Mwisho wa mwaka wazazi wake walimrudisha nyumbani kwenye ng'ombe. Wanasema anakamua vizuri.

Kwa hiyo prefe yeyote akikuambia ziba, muulize mbele ya watu. Mwenye nyumba akisema baridi, mwambie anunue blanketi, au usogeze vitanda, au upandishe tundu. Ukipiga dari, toa njia kwenye dari. Wanafunzi wakiziba kwa nguo, nenda ukazitoe wewe mwenyewe, ukawaeleze habari za makaa. Na wakikutishia fundi wa Goma, mwache fundi wa Goma aje. Yule niliyetishiwa mimi hakuja. Lile jengo la madarasa halijajengwa mpaka leo.

Mama Sifa alitoka ghalani siku ile ile. Shefu alimwambia abaki, watamjengea chumba kingine. Alikataa. Kesho yake asubuhi nilimkuta njiani na furushi moja, pikipiki inamngoja kumshusha upande wa Kalembe, ingawa kule bado hakujatulia. Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nitakujengea nyumba mahali popote utasema."

Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza chumvi, "Papa, ulijua tangu siku gani?"

"Tangu siku ya Mungu. Tangu niliingia mule."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka siku ya tatu.

"Na kama bangeniua siku ya pili?"

Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki. Mama Sifa alisimama akinitazama, akingoja. Kisha alikaza kitenge chake, akapanda, wakashuka.